Ridhaa ya mchezaji inaishia wapi? Uchambuzi wa kisa cha mguu uliovunjwa uwanjani

Mtu anayecheza mpira bila mshahara tunamwita mchezaji wa ridhaa. Anakuja uwanjani kwa hiari yake baada ya kazi au siku ya mapumziko, akijua fika kwamba leo anaweza kupigwa buti, kuangushwa, au kurudi nyumbani akichechemea. Neno hilohilo, ridhaa, ndilo wanasheria wanalolitumia kwa mtu aliyekubali mwili wake uguswe na mwingine. Kisa ninachokieleza hapa kinazunguka neno hilo kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliyevaa jezi amekubali yapi, na yapi amekataa hata kama hakufungua kinywa?

Ni kisa cha kweli kutoka Uingereza, kilichomalizika katika Mahakama ya Rufaa mwezi Desemba 2004. Nimekichagua kwa sababu kilipita ngazi zote, kuanzia filimbi ya refa hadi kwa Jaji Mkuu. Sababu ya pili ni kwamba sheria za jinai za Kenya na Tanzania zilichotwa kisima kimoja na za huko, hivyo hoja zake si ngeni kwetu. Majina ya wachezaji, timu na mji nimeyaacha. Aliyeumia nitamwita Mshambuliaji, na aliyemuumiza nitamwita Mkabaji.

Usuli

Mechi ilikuwa ya ridhaa. Hakuna aliyelipwa. Mtu wa Dar es Salaam angeielewa haraka kama ndondo au mechi ya mchangani: ushindani mkali na ubishi mwingi, refa akiwa peke yake katikati ya watu ishirini na wawili ambao kila mmoja anaamini amedhulumiwa.

Hali hiyo ina uzito kisheria. Mchezaji wa kulipwa akivunjika mguu ana mkataba, ana daktari wa klabu na mara nyingi bima. Fundi wa bomba akivunjika mguu Jumapili, Jumatatu hakuna kazi na hakuna fedha. Madhara yaleyale ya mwili humwangukia kwa uzito mwingine.

Dakika yenyewe

Mshambuliaji alipata mpira karibu na lango, ndani ya kumi na nane, akaupiga kwa chini kuelekea golini. Mguu ulikuwa umeshamaliza kazi yake. Hapo ndipo Mkabaji alipoingia akiteleza. Kwa maelezo ya upande wa mashtaka, aliingia akiwa amechelewa, bila sababu, bila kujali, na miguu yake ilifika juu ya miguu ya mwenzake. Mshambuliaji alisikia mlio wa kitu kukatika. Alikuwa ameumia vibaya kifundo cha mguu wa kulia pamoja na mfupa mwembamba unaoambatana na goko.

Mshambuliaji alisema pia kwamba Mkabaji alipoinuka alitamka neno lenye maana ya "Haya, chukua hiyo!"

Mkabaji aliieleza picha tofauti. Aliuendea mpira kwa kuteleza, akakaba kwa nguvu lakini kihalali, na kilichompata mwenzake kilikuwa ajali. Hakukana kwamba mguu ulivunjika wala kwamba yeye ndiye aliyeugonga. Ubishi ulikuwa juu ya alichokuwa nacho kichwani wakati anateleza.

Kama umewahi kucheza mpira unajua jinsi sekunde hiyo ilivyo fupi. Uamuzi wa kuteleza unafanyika mpira ukiwa bado mguuni mwa mwenzako, na unapofika mpira umeshaondoka. Mwili ulio chini hauna breki. Lakini aliyecheza anajua pia kwamba wapo wanaoona kabisa mpira umeondoka, na bado wanakwenda.

Uamuzi uliofanyika, mmoja baada ya mwingine

Wa kwanza ulikuwa wa refa. Alimtoa Mkabaji nje, na hakuhitaji kumpima nia. Sheria ya 12 ya soka inazipanga rafu kwa ngazi tatu. Aliyecheza bila uangalifu anaadhibiwa kwa mpira wa adhabu tu, aliyecheza bila kujali hatari kwa mwenzake anapewa kadi ya njano, na aliyetumia nguvu kupita kiasi akahatarisha usalama wa mwenzake anatoka. Refa anahukumu kitendo alichokiona, anaandika ripoti, na chama cha soka kinaendelea kuanzia hapo.

Jambo lingeweza kuishia katika kamati ya nidhamu. Halikuishia huko. Mkabaji alishtakiwa kwa jinai, chini ya kifungu cha 20 cha sheria ya Uingereza ya mwaka 1861 kuhusu makosa dhidi ya mwili: kusababisha madhara makubwa mwilini isivyo halali na kwa nia ovu. Kisheria, "nia ovu" katika kifungu hicho haimaanishi chuki wala kisasi. Inatosha kuthibitisha kwamba mtu alikusudia kumdhuru mwenzake, au aliona kwamba huenda akamdhuru kwa namna fulani, na bado akaendelea.

Ukizipima tuhuma zenyewe, uchaguzi wa shtaka hilo unaeleweka. Mfupa ulivunjika, kwa hiyo "madhara makubwa" hayakuwa na ubishi. Maneno ya "chukua hiyo" yaliipa nia sauti. Na rafu ya kuchelewa, mpira ukiwa umeshaondoka, ilifanya iwe vigumu kudai kwamba mtu alikuwa akiufuata mpira.

Mahakamani jaji aliliambia jopo la raia, yaani watu wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, kwamba upande wa mashtaka ulipaswa kuthibitisha kuwa kilichotokea hakikuwa sehemu ya mchezo halali. Jopo likamkuta Mkabaji na hatia. Hakufungwa. Aliamriwa kufanya saa 240 za kazi kwa jamii na kumlipa Mshambuliaji fidia ya pauni 2,609.

Mkabaji akakata rufaa.

Mahakama ya Rufaa ilisema nini

Lord Woolf, Jaji Mkuu wa wakati ule, ndiye aliyetoa hukumu. Alianzia mahali ambapo refa hapaswi kuanzia, lakini jaji lazima aanzie: mchezo wa kugusana una njia zake za nidhamu, na aliyeumia ana haki ya kudai fidia katika mahakama ya madai. Kwa hiyo mashtaka ya jinai yabaki kwa kitendo kizito kiasi cha kustahili kuitwa uhalifu.

Kizito kiasi gani? Mahakama haikutoa mizani moja. Ilitaja mambo ya kuangaliwa pamoja: ni mchezo gani, unachezwa katika kiwango gani, kitendo chenyewe kilikuwaje, nguvu iliyotumika, ukubwa wa hatari ya kuumiza, na mshtakiwa alikuwa na nini moyoni. Ikaongeza jambo ambalo mashabiki wengi hawalipendi: katika joto la mchezo watu huvunja kanuni, na kitendo kinaweza kustahili onyo, hata kadi nyekundu, bila kufikia kizingiti cha jinai. Upande wa pili, aliyebaki ndani ya kanuni ana kinga kubwa dhidi ya mashtaka.

Kisha mahakama ikayarudia maneno "mchezo halali". Jopo lilikuwa limeachiwa maneno hayo bila kuelezwa yana nini ndani yake. Hawakuambiwa kwamba rafu mbaya inaweza kuwa kosa la mchezo bila kuwa kosa la jinai. Hawakuongozwa vya kutosha kujiuliza kama Mkabaji aliona kwamba anaweza kumuumiza mwenzake. Mahakama ikaona si salama kuiacha hatia hiyo isimame, ikaitengua. Amri ya fidia iliegemea juu ya hatia, nayo ikaanguka.

Uchambuzi: tofauti kati ya kadi na jinai

Nianze na nilichokiona kizuri. Refa alifanya kazi yake palepale, na uamuzi wake ukabaki kumbukumbu. Mashahidi walikuwepo na walisema walichokiona. Mahakama ya Rufaa ilitoa mwongozo ambao hakimu yeyote mahali popote anaweza kuutumia bila kuwa mtaalamu wa soka. Hayo si madogo. Rafu nyingi za mchangani hupotea kwa sababu hakuna ripoti, shahidi amehama mtaa, na mwaka mmoja baadaye kila upande una hadithi yake.

Lililokwama zaidi, kwa maoni yangu, ni kuchanganya maswali mawili. Refa anauliza: je, kitendo hiki kilivunja kanuni, na kwa kiwango gani? Jinai inauliza: je, kitendo hiki kilivuka mpaka wa ridhaa, na mtendaji aliona atakachokisababisha? Kadi nyekundu ni jibu la swali la kwanza. Ni ushahidi unaosaidia swali la pili, lakini haulijibu.

Tazama neno "kutojali". Katika sheria za soka, kutojali ni kadi ya njano, na baada ya hapo mchezaji anaendelea kucheza. Katika sheria ya jinai, kuiona hatari na kuipuuza kunaweza kumpeleka mtu gerezani. Shahidi akisimama kizimbani na kusema "aliingia bila kujali", mchezaji anasikia njano na mwanasheria anasikia hatia. Mtu asipowaeleza wasikilizaji tofauti hiyo, kesi imeharibika kabla ya kufika mwisho. Katika kisa hiki kazi hiyo ya kueleza haikukamilika, na mahakama ya juu ilisimama hapo.

Na ridhaa? Mchezaji anapoingia uwanjani anakubali zaidi ya kanuni zilizoandikwa. Kila beki huvuta jezi, na kila kiungo amewahi kuchelewa. Tukisema mchezaji ameridhia yale tu yanayoruhusiwa na kitabu cha kanuni, basi kila mpira wa adhabu ni shambulio, na polisi wahamie uwanjani. Tukisema ameridhia lolote linalotokea kati ya filimbi ya kwanza na ya mwisho, tumemwambia mkatili kwamba jezi ni leseni. Mahakama za Uingereza zilikataa hilo la pili zamani. Mwaka 1878, katika kesi ya mchezaji aliyekufa baada ya kugongwa uwanjani, jaji aliwaeleza wazee wa jopo kwamba kanuni za mchezo haziwezi kukihalalisha kile ambacho sheria ya nchi imekiharamisha. Aliyegonga aliachiwa huru, lakini msimamo ulibaki. Mwaka 1898 mchezaji aliyemrukia mwenzake mgongoni kwa magoti alikutwa na hatia ya kuua bila kukusudia.

Kwa hiyo mpaka uko katikati, na sidhani unaweza kuchorwa kwa rula. Kitu kimoja hata hivyo kinausogeza wazi, nacho ni umbali wa kitendo kutoka kwenye mpira. Mwaka 1994, katika mechi ya Rangers na Raith Rovers kule Glasgow, Duncan Ferguson wa Rangers alimpiga kichwa mchezaji wa Raith Rovers. Refa hakumpa hata kadi. Mwaka uliofuata mahakama ya Scotland ilimfunga miezi mitatu, na rekodi yake ya mashambulio ya awali ilichangia kumfikisha huko. Tazama kinyume kilivyokamilika: kwa Ferguson hapakuwa na kadi na pakawa na jela, na kwa Mkabaji palikuwa na kadi nyekundu na hatia ikafutwa. Kichwa usoni si njia ya kuutafuta mpira. Mtelezo uliochelewa unaweza kuwa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mambo ya uwanjani yaishie uwanjani. Sikubaliani pia na wanaotaka kila mguu uliovunjika uwe na mfungwa wake. Ukubwa wa jeraha unaumiza roho, lakini haupimi nia. Mtelezo uleule unaweza kuishia kwa mchubuko leo na kwa mfupa kesho.

Njia ambayo haikutumika kwanza

Nikikisoma kisa hiki kwa jicho la aliyeumia, nasikitika. Alikuwa na mguu uliovunjika na haki halisi ya kufidiwa, na fidia aliyoamriwa ilifungwa kwenye mkia wa kesi ya jinai. Kesi iliposhindwa, fidia ikaenda nayo. Katika jinai lazima hatia ithibitishwe bila shaka yoyote ya maana. Katika madai inatosha kuonyesha kwamba dai lina uwezekano mkubwa zaidi ya utetezi, na hakuna haja ya kuthibitisha nia ya kudhuru: unaonyesha kwamba mwenzako alicheza chini ya uangalifu uliotarajiwa kwa mchezaji wa kiwango chake.

Njia hiyo ilikuwa wazi. Tangu 1985 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikuwa imekubali dai la mchezaji wa ligi ya kawaida aliyevunjwa mguu kwa mtelezo wa hatari, na fidia yake ya pauni 4,900 ikasimama. Miaka minne baada ya kisa chetu, mwaka 2008, mahakama ilimpa kijana aliyekuwa akichezea timu ya akiba ya Manchester United zaidi ya pauni milioni 4. Alikuwa na miaka 18 mguu wake ulipovunjwa mwaka 2003 katika mechi dhidi ya akiba wa Middlesbrough, na ndoto yake ikaishia hapo. Waliodaiwa walikubali kuwajibika, na ubishi ukabaki kwenye hesabu: angefika wapi, na angelipwa kiasi gani? Hakuna aliyefungwa, na hakuna aliyelazimika kuthibitisha uovu wa moyo wa mtu.

Mkabaji wa ridhaa hana klabu tajiri nyuma yake, na hilo ni kweli chungu. Hukumu ya fidia dhidi ya mtu asiye na kitu inabaki karatasi. Ndiyo maana swali la bima ya ligi ndogo linanigusa kuliko swali la jela.

Kingetokea kwetu

Kenya na Tanzania hazina jopo la raia. Kosa lililoiangusha kesi hii, yaani mwongozo haba wa jaji kwa jopo, lingechukua sura nyingine kwetu: hakimu ndiye anayetakiwa kujiongoza mwenyewe na kuonyesha katika hukumu yake kwamba ameutenganisha uvunjaji wa kanuni na uhalifu. Hukumu inayosema tu "refa alitoa kadi nyekundu, mguu ulivunjika, mshtakiwa ana hatia" ingekuwa na ufa uleule. Uamuzi wa Uingereza wa 2004 hauifungi mahakama yetu, lakini unaweza kuwasilishwa kama hoja ya kushawishi.

Uzito wa shtaka uangaliwe mapema. Kusababisha madhara makubwa mwilini kunaweza kufikia kifungo cha maisha Kenya na miaka 7 Tanzania. Shambulio la kudhuru mwili ni kosa jepesi zaidi, na kwa rafu ya ndani ya mchezo mara nyingi ndilo linalolingana na ushahidi, kama jinai inafaa kabisa. Sheria za nchi zote mbili huruhusu mahakama kuhimiza mapatano kwa shambulio la kawaida. Kwa madhara makubwa, kikao cha wazee wa mtaa kinaweza kupoza mioyo lakini hakilifuti kosa lenyewe.

Viongozi wa timu hupenda kumwambia majeruhi kwamba FIFA imekataza kwenda mahakamani. Katiba ya FIFA inazuia migogoro ya soka kupelekwa mahakama za kawaida, mambo ya usajili, matokeo, uchaguzi wa vyama na mengine ya aina hiyo. Haimpi chama chochote uwezo wa kumzuia polisi kupokea taarifa ya shambulio. Kijana aliyepigwa ngumi akiwa chini, mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja, asinyamazishwe kwa jina la FIFA.

Kwa aliyeumia, saa za kwanza zina thamani kuliko hoja zote nilizozieleza. Tanzania fomu ya polisi ya kueleza jeraha ni PF3, Kenya ni P3, na daktari akiijaza mapema anaandika jeraha jinsi lilivyo kabla halijaanza kupona. Refa aandike ripoti usiku huohuo, kwa maneno ya alichokiona: mpira ulikuwa wapi, mguu ulifika kwa urefu gani, mchezaji alisema nini. Neno "ukatili" pekee halimsaidii hakimu. Risiti za hospitali na siku za kazi zilizopotea zihifadhiwe, kwa sababu dai la madhara ya mwili lina ukomo wa miaka mitatu katika nchi zote mbili, na watu wengi huimaliza miaka hiyo wakisubiri matokeo ya polisi.

Na kabla ya mechi ya kwanza ya msimu, ada ya ushiriki inapokusanywa, timu zinaweza kukubaliana kutenga sehemu yake kwa bima ya ajali za wachezaji. Bima hiyo ingemlipa Mshambuliaji wa kisa hiki bila kungoja kujua Mkabaji alikuwa na nini kichwani.